Tulitoa drum za mbele kwenye gari ya Mzee tukafunga disk, kisha Mzee akaomba jerikeni iwekwe barabarani

Wakuu, salaam kutoka Arua, huku West Nile ambako Uganda inakaribia kuisha.

Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Penye aibu yangu nimeiacha hapo hapo ilipo.

Kiswahili changu nilikinyoosha Mwanza, nilikaa kule miaka minane nikichomelea mageti na madirisha. Nyumbani tunaongea kile cha jeshi na cha soko. Kwa hiyo nitakapomnukuu Mzee wangu, msinijie na vitabu vya sarufi. Ndivyo anavyoongea, na hatabadilika leo.

Twende taratibu.

Mzee ni mtu wa Koboko, mwanajeshi mstaafu, na jeshini kazi yake ilikuwa moja tu: dereva. Ana gari moja, saluni ndogo ya Kiingereza ya miaka ya sitini, rangi ya maziwa, aliyouziwa na karani mmoja wa serikali pale Arua Hill. Kampuni siitaji. Nawajua nyie, nikitaja tu uzi unageuka vita ya nani gari yake ni jiko na nani gari yake ni gari.

Nyumbani tunaiita Bibi.

Bibi alizaliwa na drum mbele na nyuma. Kwa wasiojua: drum ni kama sufuria iliyogeuzwa ndani ya gurudumu, halafu ndani kuna brake shoes mbili zinazotanuka kusugua ukuta wake. Kukiwa kavu, inafanya kazi. Maji yakiingia yanakaa mle ndani, na gari inaanza kuvuta upande mmoja au inakataa kabisa.

Disk ni sahani ya chuma iliyo wazi, inabanwa na pedi huku na huku. Kile kinachobana ndiyo kalipa. Maji yanapanguswa palepale. Basi, darasa limeisha.

Sasa kilichotokea.

Siku moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mzee alikuwa anamrudisha Mama kutoka kliniki ya presha hapa Arua. Walishafika Koboko, wakaacha lami, wakaingia barabara ya murram ya kwenda nyumbani. Kuna kisima cha pampu pale pembeni. Binti mdogo akavuka na jerikeni ya maji kichwani.

Bibi hakusimama. Alipita mbele ya yule binti kwa nafasi ndogo sana na kuingia kwenye shamba la mihogo la jirani.

Binti hakuguswa. Jerikeni ilianguka ikamwaga maji, yeye akakimbia kwao analia. 

Mzee alisema maneno mawili tu, "Breki ilikataa."

Mama alinipigia simu jioni ile. Nakumbuka alivyosema, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi sana: "Rajab, mimi nilipiga kelele ndiyo akakanyaga. Tungeua mutoto ya mutu."

Mimi ni mtu wa chuma, wakuu. Katika maneno yote yale sikio langu lilichukua breki tu.

Dada yangu mkubwa, Zaitun, yuko Kampala. Kesho yake akaandika kwenye group la familia kwamba gari iuzwe, tena ameshapata mteja, mtu anayekusanya magari ya zamani. Atakuja naye Jumamosi ya wiki ya pili. Nikamjibu kwamba Mzee bila Bibi atakaa kwenye kiti akiangalia ukuta mpaka aishe. Akanijibu, "Na akimuua mtoto wa watu, wewe ndiye utaenda kuongea na mama yake?"



Lakini nyie hamumjui Mzee. Tangu yeye na Mama warudi kutoka ukimbizini, Ijumaa anajiendesha mwenyewe kwenda msikitini. Mwenye uchungu wa kuzaa akipatikana pale mtaani, anaitwa yeye. Maharusi wa Koboko wamepandishwa kwenye Bibi, wengine leo wana wajukuu. Watu wanamsalimia kwa honi yake kabla hawajaiona sura yake. Kumnyang'anya funguo ni kumwambia kazi yako duniani imekwisha.

Nikapanda taxi, daladala ya huku kwetu, mpaka Koboko. Nikamkuta anafuta kioo cha mbele. Alikuwa anakifuta, anakisogelea, anakifuta tena.

Nikamwambia nataka kutoa drum za mbele nifunge disk. Nilitegemea vita. Kwa miaka mingi amekataa hata redio mpya, anasema Bibi hapana taka vitu ya vijana.

Alikunja kile kitambaa cha kufutia. Kisha akasema, "Fanya. Lakini ikiisha, mimi ndiyo natest. Ikisimama mzuri, mimi nitajua. Ikikataa kusimama, mimi nitajua pia. Halafu ile mambo ya funguo tutaongea."

Nikafurahi kama mjinga. Nilidhani nimeshinda.

Bibi nikampeleka Arua mwenyewe, gia ya pili karibu njia nzima, mpaka kwa Adriko.

Adriko ni fundi rafiki yangu, mtu wa Ediofe, mwimbaji wa kwaya, mkono mzuri lakini mdomo mrefu. Ukimpa gari atakuhubiria kwanza. Alipoona drum za Bibi alisema, "Hii mnaendesha au mnaombea?"

Tukagawana kazi. Mimi nikakata bamba za chuma za kushikia kalipa, maana gari ya mwaka huo haina sehemu ya kuzifunga. Nilipima, nikakata, nikatoboa, nikarudia moja niliyoharibu. Naona fahari, mtanisamehe. Zile bamba zilikaa kama zimetoka kiwandani.

Kalipa na disk zilitoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Congo. Kuna fundi pale ambaye Adriko anamwamini, na alikuwa na gari ya aina ileile, toleo la baadaye, iliyoharibika ubavuni. Mama mmoja mfanyabiashara wa soko la Ariwara akatuletea vitu ndani ya gunia, vimeoshwa vizuri, na kalipa moja imepakwa alama ya rangi nyekundu.

Hapa nisikilizeni vizuri.

Mafundi wa huku kwetu wana desturi. Ukifungua vitu viwili vinavyofanana, kile cha upande wa dereva unakipaka rangi nyekundu, cha pili unakiacha. Huandiki kitu, maana karatasi inapotea na chaki inafutika kwa grisi. Rangi inabaki. Adriko amekulia kwenye desturi hiyo, na aliyemfundisha pia, na yule wa Ariwara vilevile.

Kwa hiyo Adriko akachukua yenye nyekundu, akaifunga upande wa dereva. Kulia.

Nilipochungulia niliona nipple, kile kichuchu cha kutolea hewa kwenye oili ya breki, imeangalia chini. Nikauliza, "Hii si ingekaa juu?"

Adriko akanicheka. "Wewe tengeneza mageti. Rangi haidanganyi."

Nikameza. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza.

(Naona mkuu mmoja ameshauliza hapo chini kabla sijamaliza, ngoja nimjibu. Ndiyo, masta silinda, ile pampu kuu ya breki, tuliifungua tukatoa kile kivalvu kinachobakiza presha kwa ajili ya drum za mbele, bila hivyo pedi zingekuwa zinashika disk muda wote. Na ndiyo, rim za zamani ziligusa kalipa, tukatafuta zingine. Nyuma tumeacha drum. Turudi kwenye mada.)

Tukaanza kutoa hewa. Mimi ndani, Adriko chini. Anasema kanyaga, nakanyaga. Shikilia, nashikilia. Anafungua, oili inatoka, anafunga. Achia.

Tukaenda hivyo asubuhi nzima. Pedali inazama tu, kama unakanyaga godoro.

Kesho yake hivyo hivyo. Tukabadilisha masta silinda. Godoro. Tukabadilisha paipu za mpira. Godoro. Mguu wangu wa kulia ulivimba, nikawa napanda ngazi kama bibi kizee.

Siku ya tatu Adriko akasema labda inahitaji kuendeshwa kidogo ishike. Akaizungusha uani. Akakanyaga. Bibi akaenda taratibu, bila haraka yoyote, kama anajua anakokwenda, akagonga rundo la mchanga la jirani na kupanda juu yake nusu.

Adriko alitoka, akavua kofia, akasema, "Basi. Nimeshindwa."

Kwa mara ya kwanza sikusikia mahubiri. Nikajua hali ni mbaya.

Ilikuwa Alhamisi. Zaitun na mteja wake wanafika Jumamosi. Nilikaa juu ya tairi nikaona kabisa Mzee wangu anashika lile begi lake dogo anaingia kwenye taxi ya watu, anabanwa katikati, na anayemsalimia hakuna. Na ni mimi nimemfikisha hapo. Angalau drum zilikuwa zinasimama siku za jua!

Mchana ule ule Mama alikuwa na kliniki. Walikuja kwa taxi, yeye na Mzee. Mzee akamwacha Mama kliniki kwenye foleni, akaja gereji kwa boda. Kofia yake ya darizi, koti, viatu vimepakwa kiwi. Hakuuliza kitu. Alisalimia, akaingia ndani ya Bibi, akakanyaga pedali mara moja.

"Iko na hewa," akasema.

"Tumetoa siku tatu, Mzee," Adriko akamjibu.

"Hewa bado iko."

Akatoka, akavua koti akanipa nishike. Akapiga magoti kwenye vumbi pale gurudumu la kulia lilipokuwa limefunguliwa. Alinyoosha mkono na kuipapasa kalipa polepole, juu, ubavu, chini, vidole vikipita kila mahali. Nikawaza, huyu ndiye fundi sasa, anajua kwa vidole kile ambacho sisi hatukijui kwa macho. Nilijivuna kabisa kuwa mtoto wake.

Vidole vikafika kwenye nipple. Vikasimama.

"Hewa inapanda juu, hapana shuka. Hii nipple inafanya nini huku chini?"

Adriko akajitetea, "Mzee, nimefuata alama."

"Alama gani? Iko na rangi?"

Rangi ilikuwa mbele ya pua yake, nyekundu kabisa. Na mimi hata hapo sikushtuka.

"Iko, Mzee. Nyekundu. Ya upande wa dereva."

"Hii vitu ilitoka wapi?"

"Ariwara."

Mzee alikaa chini pale pale, akaegemea bampa. Akaanza kutabasamu.

"Wakati wa ukimbizi mimi niliendesha lori ya kahawa kule Congo, wewe hujazaliwa. Sasa wewe niambie, mutoto yangu. Kule Congo, dereva anakaa upande gani?"

Adriko akaangalia usukani wa Bibi, kulia. Akaangalia ile kalipa. Spana ikamtoka mkononi.

"Yesu wangu! Kushoto."

Yule fundi wa Ariwara hakudanganya. Gari aliyoifungua ilitoka Ulaya, usukani kushoto. Yeye alipaka upande wa dereva kwa haki kabisa, na Adriko naye akafunga upande wa dereva kwa haki kabisa. Zikakaa kinyume, nipple zikaangalia chini, na hewa ikabaki juu ya kalipa inatucheka siku tatu.

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Nyinyi vijana mko na mpaka hapa karibu, munapita kila siku kununua vitenge, hamuoni watu wanaendesha wapi?"

Tukazibadilisha. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Nipple juu. Adriko akasema kanyaga, shikilia, achia, na mapovu yakatoka kama soda iliyotikiswa. Baada ya muda mfupi pedali ikawa ngumu kama jiwe. Tukajaribu uani, Bibi akasimama pale pale, amenyooka. Adriko akaimba.

Mimi nilitaka kumbeba Mzee juu. Nilijizuia kwa heshima tu.

Adriko akaenda mwenyewe mpaka njia ya Aroi na kurudi, akakagua kila bolti, akasema gari ni salama. Saa tisa tukamchukua Mama. Mzee akaomba mimi niendeshe kwenye lami. Nikashangaa kidogo, nikadhani amechoka. Yeye akakaa kushoto kwangu, Mama nyuma na dawa zake mapajani.

Tulipoacha lami, kabla ya kile kisima, akasema, "Simama hapa."

Nikasimama. Bibi alisimama vizuri kweli.

"Rajab, kwa buti kuna jerikeni. Ile ya njano. Chukua, tembea mpaka mahali mutoto alikuwa, weka katikati ya barabara. Wewe kaa kando, mbali. Angalia kama kuna mutu anakuja, umupungie mama yako mkono kama hakuna."

Nikafikiri anataka kupima umbali wa breki. Kazi ya kijeshi hiyo, nikaipenda. Nikaenda nikaiweka. Hakukuwa na mtu pande zote, jua lilikuwa kali, barabara kavu na nyeupe. Nikapunga mkono.

Maneno aliyosema ndani ya gari Mama alinisimulia baadaye. Alihamia usukani, akafunga mlango, akasema, "Mama Rajab, leo usipige kelele."

Akaja. Hakuja kwa kasi, ni mwendo wake ule wa Ijumaa. Nikasubiri akanyage. Nikaanza kusema moyoni sasa, sasa, Mzee sasa.

Hakukanyaga.

Bibi akapita juu ya jerikeni. Kraa! Ndipo breki zikashika. Gari ikasimama palepale, imenyooka, bila kuvuta kushoto wala kulia. Hatua chache tu mbele ya ile plastiki iliyopasuka.

Nikakimbia. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio wake. Mzee mikono yote miwili iko juu ya usukani, anaangalia mbele.

"Breki ni mzuri," akasema. "Breki ni mzuri sana, Rajab. Mumefanya kazi."

Nikafungua mlango wa upande wake.

"Mimi hapana ona ile jerikeni. Nimesikia tu. Na ile siku, mutoto hapana ona pia. Nilisema breki, kwa sababu nilitaka iwe breki."

Kisha akazima gari, akachomoa funguo na kunipa. Hakutupa, hakulalamika. Alinipa kwa mikono miwili, mimi mtoto wake, kama anamkabidhi mkubwa wake kazini.

Nililia pale barabarani, wakuu, nimeshika funguo. Sioni aibu kusema. Mama naye alishuka, akaokota ile jerikeni, akasema chini yake bado ni nzima, itafaa kupandia kitunguu. Ndivyo Mama anavyolia.

Jioni Mzee alimpigia Zaitun mwenyewe. Sijui waliongea nini, ila mteja hakuja Jumamosi. Zaitun alikuja peke yake, na kuku wawili.

Baadaye kidogo mimi na Mzee tulienda kwa baba na mama wa yule binti. Mzee aliwaambia ukweli ule ule, bila kuupunguza, na jerikeni mpya akaipeleka. Baba wa binti alimshika mkono muda mrefu.

Macho ya Mzee tumeyapeleka hospitali. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na wanasema unafanyiwa operesheni na watu wengi wanaona tena. Yuko kwenye foleni. Akiona vizuri, funguo zitarudi kwake siku hiyo hiyo, nimeshamwambia. Asipoona, zitabaki kwangu, nimemwambia hilo pia. Alisema, "Sawa, afande."

Nilichojifunza. Ukifunga kalipa, nipple ya hewa ikae juu, haijalishi rangi inasema nini na fundi anaimba kwaya gani. Kitu kikitoka ng'ambo, uliza usukani ulikuwa upande gani. Na mama yako akikuambia alipiga kelele ndiyo baba akakanyaga, usisikie breki. Sikia mama yako. Nilitumia akili yangu yote kutengeneza kitu ambacho siku ile hakikuwa kimeharibika, na kama Mzee asingekuwa mtu wa kweli, ningeiweka gari inayosimama vizuri mikononi mwa mtu asiyeona cha kusimamia.

Sasa kila Ijumaa natoka Arua kumpeleka msikitini. Mimi kulia, yeye kushoto. Honi nampigia yeye, watu wanampungia yeye. Na nikichelewa kidogo kukanyaga, mguu wake unakanyaga sakafu. Juzi nikamwambia hapo hakuna pedali. Akanijibu bila kugeuza shingo, "Kule Congo ningekuwa dereva."

Haya, mwenye kalipa zilizomtesa aseme hapa, tupo na Adriko amekaa pembeni yangu kwa ajili ya kuchekwa. Ila kwa kweli nawasubiri zaidi wale ambao mmewahi kupokea funguo kutoka kwa mzazi. Mlimwambia nini siku ile? Mimi nilisema "asante" tu, na mpaka leo naona haikutosha.